Maji ya mlangoni yana njia yake, mafundi msiyazibe

Mhariri, salaam na pole na majukumu. Nasoma ukurasa wenu wa magari muda mrefu sasa na nashukuru kwa kazi mnayofanya, lakini kuna jambo linaniuma na leo nimeona niandike maana nikinyamaza kuna mwingine atapitia nilichopitia mimi. Kila toleo ni oili, tairi, breki, giaboksi, betri, gari inakula mafuta, sawa yote ya maana, ila sijawahi kuona hata aya moja kuhusu raba za vioo na milango, ile mipira myeusi inayozunguka kioo, na kwenye gari ya zamani hiyo mipira ndo inaamua kama bodi itabaki au itaoza huku injini bado nzima kabisa.

Gari yangu ina miaka zaidi ya 20. Injini haijawahi kunisumbua. Msimu mmoja wa mvua nikaanza kusikia harufu ya uvundo ndani, nikiinua kapeti ya mbele upande wa abiria nakuta chini sponji imelowa chapachapa, juu kukavu kabisa huwezi kujua. Nikapeleka gereji, fundi akaangalia akasema maji yanaingia mlangoni, na hapo alikuwa sahihi, raba ya nje chini ya kioo ilikuwa imekauka imepasuka na imejikunja mpaka ukisimama pembeni unaona nafasi kati yake na kioo. Badala ya kubadilisha raba akachukua tyubu ya silikoni akapaka juu, akapaka ukingo wa chini wa mlango wote mpaka vile vitundu vidogo vilivyo chini ya mlango akaviziba, akaniambia hapo sasa hata tone haliingii. Nikamshukuru nikaondoka.

Miezi michache baadae kila nikikata kona nasikia maji yanacheza ndani ya mlango, chwaa, chwaa, kama dumu lililojaa nusu. Alafu rangi ya chini ya mlango ikaanza kuvimba vipele, nikabonyeza kipele kimoja kwa kidole gumba na kidole kikatokea upande wa pili. Bati lilikuwa limebaki rangi tupu. Mhariri mlango ule ulikuwa mzima, haujawahi kugongwa, haujawahi kupigwa hata puti, umeuawa na silikoni iliyopakwa mahali pasipotakiwa kuzibwa.

Kitu ambacho watu wengi hawajui, na mi sikujua mpaka siku ile, ni kwamba mlango wa gari umetengenezwa ukijua maji yataingia. Hata gari mpya kabisa, kioo kinapanda na kinashuka kwahiyo haiwezekani kuziba pale juu moja kwa moja, maji yanateremka na kioo yanaingia ndani ya mlango, yanatiririka mpaka chini na kutokea kwenye vile vitundu. Ndani, nyuma ya ule ubao wenye mkono wa kufungulia, kuna nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi inayonatanata, kazi yake ni kuzuia hayo maji yasije ndani wanakokaa watu. Kwahiyo kuna vitu vitatu vinafanya kazi pamoja, raba ya juu inapunguza maji na kufuta mchanga kwenye kioo, nailoni inalinda ndani, vitundu vinamwaga nje. Raba ikichoka yanaingia maji mengi kuliko yaliyokusudiwa na yanakuja na vumbi na majani, vile vitundu vinazibwa na tope, na kama nailoni nayo ilichanwa siku walipotengeneza lock au spika na hawakuirudisha vizuri basi maji yote yanahamia kwenye kapeti. Kwangu mimi vyote vitatu vilikuwa vimekufa kwa pamoja.

Tena sio kutu tu. Mchanga ukinasa kwenye raba iliyochoka kila ukishusha kioo unakipiga msasa, ile michirizi ya kusimama unayoiona kwenye vioo vya magari ya zamani ukiendesha usiku na taa za wenzio zikakuumiza macho, mingi inatoka hapo. Zile raba za pembeni ambazo kioo kinapita katikati yake zikikauka kioo kinapanda kwa shida, mota inalemewa, inapata moto, watu wanabadilisha mota mara mbili mara tatu kumbe tatizo ni raba. Na waya za mlango na soketi zilizoko chini ya kapeti na chini ya siti zikishaanza kuota ukijani ndo unaanza kuona taa zinawaka zenyewe, lock zinagoma, na hapo fundi umeme atatafuta tatizo mpaka achoke.

Sasa nieleze kwanini zinakufa maana hapa nilijifunza kwa kuchelewa. Mpira wenyewe wa asili ukiuacha hivihivi unayeyuka kwa joto na kukakamaa kwa baridi, mpaka Charles Goodyear kule Marekani mwaka 1839 alipogundua kuupika na salfa ndo ukawa kitu cha kutegemewa. Raba nyingi za milango na vioo vya magari ya miaka ya karibuni ni mpira wa kutengenezwa kiwandani unaitwa EPDM, huu unavumilia jua, mvua na ile hewa ya ozoni inayopasua mpira wa kawaida, na weusi wake unatokana na masizi maalum wanayochanganya ili kuupa nguvu na kuzuia miale ya jua. Lakini kuvumilia kuna mwisho, gari iliyolala juani miaka 20 raba zake zinapoteza ule unyumbufu, zinasinyaa, ndo maana pembe zinaachia kwanza, unakuta raba imekuwa fupi kuliko zamani na kona kuna pengo.

Na EPDM ina adui mmoja mkubwa ambae sisi wenyewe tunamleta, mafuta. Grisi ya kawaida, oili, dizeli, mafuta ya mgando ya kujipaka, vyote hivyo vinauvimbisha huo mpira na kuulainisha mpaka unakuwa kama ulimi, alafu haurudi tena. Mimi miaka yote nilikuwa napaka mafuta ya mgando kwenye raba zangu nikiona zinang'aa nafurahi nadhani nazitunza. Kinachotakiwa ni mafuta ya silikoni, yale ya kupuliza au ya kupaka kwa kitambaa, hayo hayauli. Naomba nieleweke hapa, mafuta ya silikoni ya kulainisha ni kitu kingine na silikoni ya tyubu ya kuzibia ni kitu kingine kabisa, watu wanachanganya. Hiyo ya tyubu, zile za bei rahisi zinazonuka kama siki zinatoa asidi wakati zinakauka na hiyo asidi inaanza kula bati pale rangi ilipochubuka. Yaani unaziba maji huku unapanda kutu.

Kabla hujanunua raba yoyote hakikisha kwanza maji yanaingilia wapi, usibahatishe. Kama kapeti inalowa hata siku ambazo hazina mvua na wewe unatumia AC, angalia kwanza bomba la kumwaga maji ya AC, likiziba maji yanamwagikia ndani. Kama maji ni mazito kidogo yana utelezi na harufu ya utamuutamu basi hiyo ni kulanti, yale maji ya kupozea injini, inavuja kwenye rejeta ndogo ya hita, hapo raba haihusiki. Kama ni mvua, chukua mpira wa kumwagilia, maji yasiwe na presha kubwa, mtu mmoja akae ndani na tochi, anza chini ya mlango kwa dakika kadhaa kisha panda taratibu kwenye kioo alafu juu kwenye paa, maana ukianza juu maji yanashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kwa raba ya mlango, fungua mlango weka kipande cha karatasi, funga, kivute. Kikitoka na ukinzani raba inabana, kikiteleza chenyewe hapo haibani. Zunguka mlango mzima hivyo. Ni jambo la dakika 10 na nimeona watu wameacha kulifanya wakabadilisha kioo cha mbele bure.

Kubadilisha sasa. Raba ya nje ya chini ya kioo ndo rahisi kuliko zote na ndo inayochoka mapema kwasababu inalala juani muda wote. Shusha kioo mpaka mwisho, bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye rangi ya mlango kote utakapogusa, kisha angalia mwisho wa raba upande wa nyuma ukifungua mlango, magari mengi yana skrubu moja pale imejificha, itoe kwanza, wengi wanaruka hii wanavuta kwa nguvu mpaka lile bati la urembo linapinda na likishapinda halinyooki tena. Baada ya hapo nyanyua taratibu kwenda juu kwa kipande cha plastiki, kama huna tumia bisibisi bapa uliyoifunga kitambaa, sogea kidogo kidogo klipu kwa klipu. Fanya kazi hii gari ikiwa na joto kidogo, raba ya zamani ikiwa ya baridi inakatikia ndani ya klipu.

Ile raba ya upande wa ndani wa kioo, mara nyingi imeshikiliwa kwenye ubao wa mlango kwahiyo lazima uvue ubao. Toa betri kwanza hasa kama gari ina eabegi za pembeni, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari ikigonga. Ukishavua ubao ukaiona ile nailoni usiichane, ibandue taratibu, ile gundi nyeusi ukiipasha joto kidogo inaachia yenyewe na inabandikika tena. Na hapa ndo pa kukaa usiwe na haraka maana utaona tumbo la mlango, pengine kwa mara ya kwanza tangu gari itengenezwe. Ondoa matope, zibua vitundu kwa kijiti au kwa waya laini usije ukachubua rangi, mwaga maji uone yanatoka yote. Ukikuta kutu isugue mpaka bati safi, paka dawa ya kutu, paka rangi, iache ikauke kabisa. Raba mpya ukiibandika juu ya kutu ni sawa na kufunika kidonda kibichi, baada ya msimu mmoja utarudi palepale.

Raba za kioo kinapopita, zile zenye umbo la U ndani ya fremu, hizi ndo zinataka uvumilivu. Zina manyoya laini ndani ili kioo kiteleze, manyoya yakiisha kioo kinagongana na mpira mkavu kinatoa ile kelele ya kukwaruza. Vuta ya zamani itoke, safisha mfereji kwa brashi na spiriti, usitumie petroli. Mpya kama imekuja na kona zake zimeshatengenezwa basi anza na kona, zikae sawasawa, ndo ushushe sehemu zilizonyooka, sukuma kwa gumba au kwa kijiti cha mbao butu. Sabuni ya maji iliyochanganywa na maji inasaidia raba kuteleza na ikikauka haiachi madhara. Kama raba imekuja imekunjwakunjwa kwenye boksi iloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwanza irudi umbo, usiilazimishe.

Na hili naliandika kwa uchungu maana nililiharibu mara ya kwanza, USIVUTE raba. Ukiinunua ya mita unatamani kuivuta ili itoshe au ikae imekaza ionekane nadhifu, siku hiyo itakaa vizuri kabisa, wiki mbili baadae imerudi urefu wake na kona mbili zina mapengo. Isukume ndani kama unaisindilia, kata ikiwa imezidi kidogo, alafu ncha mbili ziungane kwa kubanana. Raba ya kuzunguka mlango kiungio chake kiweke chini, kule maji hayatulii juu yake. Ikihitaji gundi tumia ile ya kubandikia mpira ambayo unapaka pande zote unasubiri ikauke kidogo ndo unagandisha, gundi ya papo kwa papo inakuwa ngumu kama kioo na mpira unapasuka pembeni yake, inafaa kwenye kiungio cha ncha tu.

Ukimaliza pandisha kioo polepole, kishushe, pandisha tena, sikiliza. Mlango utakuwa mgumu kufunga siku za mwanzo, ni kawaida kabisa, raba mpya imejaa, usikimbilie kulegeza lock ya mlango, ipe wiki kadhaa italala. Vioo viache vimepanda na milango imefungwa usiku ili raba ishike umbo. Kama kioo chako ni kile cha kubonyeza mara moja kinapanda chenyewe na kikikutana na mkono kinarudi, kinaweza kuwa kinarudi katikati ya njia baada ya raba mpya, hicho kinadhani kuna kitu kimezuia, kitabu cha gari kina maelezo ya kukifundisha upya.

Kioo cha mbele hapo nawaomba watu wawe makini. Magari ya zamani sana kioo cha mbele kinashikwa na raba tu, hapo unaweza kubadilisha raba kwa ile njia ya kamba, unaizungushia kamba kwenye mfereji wa raba, unapaka sabuni, mwenzio anasukuma kioo kwa nje na wewe ndani unavuta kamba taratibu, mdomo wa raba unapanda juu ya bati. Lakini magari yaliyokuja baadae kioo kimebandikwa kwa gundi maalum na kile kioo ni sehemu ya nguvu ya bodi, paa linakitegemea gari ikipinduka, na kwenye magari mengi eabegi ya abiria ikifumuka inaegemea kioo. Ule mpira unaouona pembeni ni urembo wa kufunika mwanya. Ukipasuka unaweza kubadilisha huo urembo, ila gundi yenyewe muachie fundi wa vioo mwenye gundi sahihi na anaekwambia usubiri muda gani kabla ya kuendesha. Akikwambia ondoka nayo sasahivi, muulize kwanini.

Kuhusu kununua, raba zilizotolewa kwenye gari lingine la umri uleule mi sishauri, zimekaa juani miaka ileile, zinaonekana nzuri kwasababu zimepakwa mafuta siku ya kuuzwa. Ukizikunja kwa vidole utaona nyufa ndogondogo zinafunguka. Za mita zinafaa kwa kuzunguka mlango kama umepima unene na upana wa ukingo, nenda na kipande cha raba yako ya zamani mkononi ufananishe ile sura ya kukatwa, usiende na maneno. Raba za chini ya kioo na zenye kona ni bora upate ya modeli yako, hapo hamna njia ya mkato. Na usitupe za zamani mpaka mpya ziwe zimekaa, zitakusaidia kuona ipi inaangalia wapi.

Mhariri, ombi langu ni mawili. La kwanza mtafutie nafasi mada hii kwenye ukurasa wenu, na picha, hasa picha ya vile vitundu vya chini ya mlango maana kuna madereva wameendesha miaka 30 hawajawahi kuinama wakaviona. La pili ni kwa mafundi, ndugu zangu nawaheshimu na bila nyie hatuendi popote, mteja akija na mlango unaovuja mwambieni ukweli kwamba ni raba, hata kama hana hela leo atarudi akiwa nayo, kuliko kumpakia silikoni akaondoka anafurahi. Fundi aliyenifanyia ile kazi hakuwa mtu mbaya, nadhani hata yeye hakuna aliyewahi kumwambia vitundu vile ni vya nini.

Milango mitatu ya gari yangu nimeshaimaliza, mmoja ilibidi niukate chini na kuchomelea bati jipya. Wa nne, wa nyuma kulia, raba zake zimefika na ziko ndani zimelazwa zimenyooka, nasubiri siku isiyo na mvua. Jana usiku ilinyesha sana na asubuhi niliinama nikaangalia chini ya ile milango mitatu, kila mmoja ulikuwa unadondosha maji kwenye vitundu vyake, tone tone, na kapeti kavu.

Msomaji wenu wa siku nyingi